Fundo na Mfunguo: Siha ya Afungaye kati ya Thika na Ruiru

Kitenzi funga kina kazi nyingi katika lugha ya Kiswahili. Mtu hufunga mlango, hufunga mzigo, hufunga safari, na msimu wake ukiwadia hufunga kinywa. Katika matumizi mengi ya kitenzi hiki imo dhana ya fundo lililopigwa kwa makusudi, na aghalabu aliyelipiga anajua litafunguliwa lini. Mlango usiofunguka kamwe umekwisha kuwa ukuta. Yamkini ndiyo sababu Waswahili wa pwani, walipoipanga miezi ya mwaka wao, waliihesabu kuanzia pale saumu inapokwisha. Mwezi unaofuata Ramadhani huitwa Mfunguo Mosi, kisha huja Mfunguo Pili, hata kufikia Mfunguo Kenda. Ndipo hufuata Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Maulidi, kwa mfano, huangukia Mfunguo Sita. Miezi tisa kati ya kumi na miwili imepewa jina la kufungua, na mmoja tu ndio wa kufunga.

Hesabu hiyo ina hekima ambayo wengi wa wanaofunga siku hizi wameisahau. Siha ya afungaye hujadiliwa kana kwamba ni suala la jikoni tu: ale nini alfajiri, anywe maji kiasi gani usiku, ajiepushe na vyakula gani vya mafuta. Hayo ni kweli na yana nafasi yake. Hata hivyo, wanaodhurika kwa saumu mara nyingi hawadhuriwi na aina ya futari. Hudhuriwa na fundo walilolipiga peke yao, kwa siri, bila kumwambia anayejua miili na bila kumwambia anayejua dini. Katika miji kama Thika na Ruiru, ambako jirani hajui jina la jirani, siri ya namna hiyo ni rahisi mno kuitunza.

Miji hii miwili ya kaunti ya Kiambu imeunganishwa na barabara kuu itokayo Nairobi, ambayo upanuzi wake ulikamilika mwaka 2012. Thika ni mji wa viwanda na mashamba ya mananasi. Ruiru ulijulikana zamani kwa mashamba ya kahawa, na jina lake limo katika mbegu ya Ruiru 11 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Leo sehemu kubwa ya mashamba hayo imegeuka kuwa majumba ya kupangisha. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu zaidi ya watu 490,000 katika mji wa Ruiru na zaidi ya 250,000 katika mji wa Thika. Wengi wao ni wageni: wafanyakazi wa viwandani, wanafunzi wa vyuo, walinzi wa usiku, wachuuzi, na watu walalao Ruiru na kuamkia Nairobi. Misikiti ipo, makanisa yapo mengi, na kila nyumba ya kidini ina waumini wake wanaofunga. Lakini afungaye katika mji wa namna hii hufunga katikati ya watu wanaokula.

Tofauti na pwani ni kubwa. Katika Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu, Ramadhani haimwachi mtu afunge kwa akili yake peke yake. Mila humshika mkono. Mchana mikahawa mingi hufungwa, jioni harufu ya kaimati na sambusa hutangaza saa kabla ya adhana, na mtoto hujifunza bila kufundishwa kwamba futari huanza kwa tende na maji, kisha sala, ndipo chakula kizito kifuatie. Nyanya aonaye mjukuu wake mjamzito amepauka midomo humwamuru afungue, naye mjukuu hatii kwa hiari tu bali pia kwa haya. Elimu hiyo ya siha haikuandikwa popote. Imehifadhiwa katika vinywa vya wazee. Je, anapohama mtu kutoka pwani hadi bara, nani huihamisha elimu hiyo?

Swali hilo lilimpata binti mmoja wa Mombasa aliyekuja bara kusoma. Chuo chake kilikuwa Thika, lakini kodi ilimsukuma akapange chumba kimoja Ruiru, katika ploti yenye bomba moja la maji na vyumba kumi na viwili. Machi ya mwaka 2025 ilikuwa Ramadhani yake ya kwanza mbali na kwao. Siku ya kwanza aliamka akiwa amechelewa daku, akanywa chai ya rangi kikombe kimoja, akapanda matatu. Kufikia adhuhuri kichwa kilimgonga kama kinu. Jioni, matatu ilipokwama katika msongamano, adhana ilimkuta njiani hana hata kokwa ya tende. Alipofika chumbani alikula viazi vya kukaanga na soda baridi kwa pupa ya mtu aliyeokolewa jangwani, na tumbo likamwadhibu hata usiku wa manane. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu alimpigia nyanya yake simu.

Nyanya hakumpa hotuba. Alimuuliza tu, "Daku wala nini, mjukuu wangu?" Alipojibiwa kwamba ni chai, alicheka kidogo, akasema, "Chai yakutoa maji, haikupi. Kwani huko bara hakuna viazi vitamu?"

Viazi vitamu vilikuwepo tele, na nduma pia, na githeri iliyouzwa kwa kikombe penye kona ya ploti. Binti akaanza kula daku la kibara: githeri yenye maharagwe mengi, au nduma mbili za kuchemsha na parachichi. Bila kujua jina la kitaalamu la jambo hilo, alikuwa amelijibu sawasawa. Vyakula vya nafaka isiyokobolewa, kunde na mizizi humeng'enywa polepole, navyo huiachilia sukari kidogo kidogo katika damu. Mkate mweupe na vitu vitamu huipandisha sukari kwa kasi kisha huiacha ianguke. Kadhalika alipunguza chai. Mtu aliyezoea kahawa au chai nyingi huumwa kichwa anapoiacha ghafla, na maumivu hayo huweza kuanza kabla ya siku moja kupita, ndiyo maana ni busara kuvipunguza vikombe siku kadhaa kabla ya mfungo kuanza. Maji aliyagawa: bilauri moja au mbili wakati wa kufuturu, nyingine baada ya sala, nyingine kabla ya kulala, nyingine wakati wa daku, kwa kuwa figo haziwezi kuweka akiba ya maji yote yaliyonywewa kwa pumzi moja. Haraka haraka haina baraka, na hilo ni kweli mezani kama lilivyo kweli njiani.

Maumbile ya nchi nayo yalimsaidia. Thika na Ruiru ziko karibu sana na ikweta, hivyo mchana wa saumu hauzidi kati ya saa 13 na 14 mwaka mzima, ilhali Waislamu wa kaskazini mwa Ulaya hufunga zaidi ya saa 18 Ramadhani inapoangukia Juni. Miji hii iko pia katika nyanda za juu, na jua lake si kali kama la Mombasa. Kwa mtu mzima mwenye afya, muda huo hauna hatari. Ini huwa limehifadhi sukari ya kutosha kumvusha saa nyingi za mchana, na akiba hiyo inapopungua mwili huanza kuyatumia mafuta yake. Baada ya juma moja binti alikuwa mwepesi, akisoma vyema asubuhi kuliko alivyokuwa akisoma kabla ya mwezi kuandama.

Lakini mwenye afya si mfano wa watu wote. Katika ploti hiyo hiyo aliishi mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa usiku katika ghala mjini Thika. Alikuwa mtu wa kanisa, na Machi hiyo ilikuwa pia Kwaresima, kwani Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5. Kanisa lake halikufuata kalenda ya Majivu, bali liliitisha mfungo mkavu wa siku tatu, bila chakula wala maji, kwa ajili ya maombi maalumu. Mzee alikuwa na kisukari kwa miaka mingi. Jambo hilo lilijulikana na kliniki alikochukulia vidonge na na bintiye aliyeishi mbali. Kanisani hakuna aliyelijua, na kliniki haikujua habari za mfungo.

Jioni ya siku ya pili, binti wa Mombasa alipokuwa akiteka maji ya kufuturia, alimwona mzee ameketi juu ya kigoda penye lango. Hewa ilikuwa ya baridi, lakini shati la mzee lilikuwa limelowa jasho. Mikono ilimtetemeka.

"Shikamoo, baba."

Mzee alikawia kujibu, kama mtu atafutaye neno alilolisahau. "Marahaba, mwanangu."

"Baba, waumwa? Umekula leo?"

"Nimefunga. Siku ya pili."

"Na dawa?"

"Dawa nimemeza asubuhi. Dawa si chakula."

Binti alikuwa amelelewa katika nyumba ya mgonjwa wa sukari, akaitambua hatari iliyokuwa katika sentensi hiyo fupi. Vipo vidonge vya kisukari, sawa na sindano za insulini, ambavyo huishusha sukari ya damu kukiwa na chakula au kusiwe na chakula. Amezaye na asile huishusha sukari yake mpaka akili ianze kuchanganyikiwa. Akiachwa, huzirai na aweza kufa. Alikimbilia chumbani, akakoroga vijiko vinne vya sukari katika kikombe cha maji, akarudi.

Mzee aligeuza uso. "Nitavunja nadhiri."

"Baba," binti akasema, akipiga magoti ili macho yao yakutane, "hata kwetu mgonjwa hufungua. Mimi mwenyewe bado nimefunga, nawe nakusihi unywe. Mungu hatakudai kikombe hiki."

Alikunywa. Robo saa baadaye jasho lilikauka, na maneno yakamrudia mahali pake. Majirani wawili walimpeleka hospitalini usiku huo. Daktari alimuuliza kwa nini hakusema kwamba anafunga, kwa kuwa kipimo cha dawa kingeweza kubadilishwa, au angeshauriwa asifunge kabisa. Kesho yake mchungaji alipokwenda kumjulia hali, aliuliza kwa mshangao swali lile lile kutoka upande wa pili: kwa nini hakusema kwamba ni mgonjwa? Mzee alijibu kwamba hakutaka kuonekana mwenye imani haba. Wahenga walikwisha kulinena jambo hili kwa maneno machache: mficha maradhi kifo humuumbua.

Kisa cha mzee huyo si cha mtu mmoja. Uchunguzi mkubwa uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13, ukiwahusisha Waislamu zaidi ya 12,000 wenye kisukari, ulibaini kwamba takriban asilimia 79 ya wenye kisukari cha aina ya pili walifunga siku 15 au zaidi za Ramadhani, na hata miongoni mwa wale wa aina ya kwanza, ambao hatari yao ni kubwa zaidi, asilimia 43 walifunga. Visa vya sukari kushuka vibaya viliongezeka mara kadhaa katika mwezi huo. Kutokana na hali hiyo, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari pamoja na wataalamu wa Ramadhani walitoa miongozo mwaka 2016, wakairekebisha mwaka 2021. Miongozo hiyo haiwapigi marufuku wagonjwa wote. Inamtaka mgonjwa amwone daktari majuma kadhaa kabla ya mwezi kuandama, apime sukari yake mara kwa mara mchana, na afungue mara moja ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita au ikipanda juu ya 16.6. Wanazuoni wengi wanakubali kwamba kudunga kidole ili kupima damu hakubatilishi saumu. Hivyo, anayeacha kupima kwa kuchelea kuharibu ibada anajinyima kinga ambayo dini yake haikumnyima.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba dini zenyewe hazikuwahi kuomba siri hiyo. Katika Sura ya Al-Baqara, aya zile zile zinazofaradhisha saumu, yaani ya 184 na ya 185, zinamruhusu mgonjwa na msafiri wasifunge, walipe siku nyingine, na asiyeweza amlishe maskini. Wanazuoni wameiingiza katika mlango huo hali ya mjamzito na anyonyeshaye wanapohofia nafsi zao au mtoto. Sheria ya Kanisa Katoliki inawawajibisha kufunga watu wazima tu, kuanzia miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wa 60, nako kufunga kwenyewe, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kunaruhusu mlo kamili mmoja. Ruhusa basi ilifungamanishwa na amri tangu mwanzo. Anayeikataa ruhusa kwa kudhani kwamba anaizidisha ibada, huenda anaizidisha fahari.

Taifa zima liliona mwaka 2023 kinachotokea fundo linapokosa mfunguo. Kuanzia Aprili mwaka huo, miili ya zaidi ya watu 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Walikuwa wafuasi wa dhehebu lililowahimiza wafunge hata kufa ili wakutane na Muumba wao. Wengi walikufa kwa njaa, na miongoni mwao walikuwa watoto. Ni makosa kukiita kilichotendeka huko mfungo uliopita kiasi. Mfungo una saa ya kufungua, una mlango wa mgonjwa, una umri ambao haumgusi mtoto, na una watu wanaomwuliza mfungaji hali yake. Vyote vinne viliondolewa Shakahola, na kilichobaki kilikuwa njaa iliyovishwa kanzu ya ibada. Hata kuwalisha waliookolewa kulihitaji uangalifu, maana mwili uliokosa chakula kwa siku nyingi hauwezi kupokea sahani iliyojaa. Chakula kingi cha ghafla huvuruga madini ya damu, kama vile fosfati na potasiamu, na huweza kuusimamisha moyo. Hata kufungua, basi, kuna taratibu zake.

Kutokana na hayo, yapo mambo machache ambayo kila afungaye, awe Thika, Ruiru au kwingineko, hana budi kuyazingatia. Kwanza, mwenye maradhi ya kudumu, iwe ni kisukari, shinikizo la damu, vidonda vya tumbo, kifafa au maradhi ya figo, na kila mwenye dawa zinazopaswa kumezwa kwa saa maalumu, azipeleke habari mbili mahali pawili: amwambie daktari kwamba anakusudia kufunga, na amwambie imamu, padri au mchungaji wake kwamba ni mgonjwa. Pili, asibadilishe saa za dawa kwa kukisia. Tatu, ajue dalili za kufungua bila kungoja adhana wala amina: jasho la baridi, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kizunguzungu kisichokoma, mkojo uliokauka au kuwa wa rangi nzito mno. Nne, mtu aonaye mwenzake katika hali hiyo naye angali na fahamu, ampe kinywaji chenye sukari. Aliyekwisha kuzirai asimwagiwe kitu kinywani, bali akimbizwe hospitalini. Tano, afungaye asifunge bila shahidi. Hata jirani asiye wa dini yake anatosha, maadamu anajua.

Sharti hilo la tano ndilo zito kuliko yote katika miji ya wapangaji. Nyanya wa Mombasa hawezi kuhamia Ruiru, na mila ya pwani haiwezi kusafirishwa kwa matatu ikafika nzima. Kinachowezekana ni kila ploti, kila bweni na kila kiwanda kuwa na mtu anayeuliza: waumwa? umekula? dawa je? Chama cha wanafunzi kinachoandaa futari ya pamoja kinaweza kumwalika muuguzi kwa nusu saa. Kanisa linalotangaza maombi ya siku tatu linaweza kutangaza, katika pumzi hiyo hiyo, kwamba wagonjwa, wazee na wajawazito wataomba wakiwa wamekula. Msimamizi wa zamu kiwandani anaweza kumpangia anayefunga kazi ya kivulini wakati wa alasiri. Hakuna katika hayo linalohitaji fedha nyingi. Yote yanahitaji ulimi uliozoea kuuliza na moyo usioona haya kujibu.

Waliozipa jina siku za mwaka kwa mfunguo hawakuudharau mfungo. Waliujua uzito wake, wakajua vilevile kwamba thamani ya fundo hupimwa siku ya kufunguliwa, pale kilichokuwa ndani kinapotoka kikiwa kizima. Afungaye na afunge kwa ikhlasi, ale daku, anywe maji, amwambie daktari na amwambie kiongozi wake wa dini, ili Mfunguo Mosi au asubuhi ya Pasaka imkute yungali miongoni mwa wanaofungua.